Anza na ngozi, namba ya fandesheni itafuata

Swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa simu au mteja akiwa ameshakaa kitini kwangu Sinza, ni hili: "Dada, mimi ni namba ngapi?" Kabla ya kujibu namuuliza nami: ukijipaka asubuhi ukatoka, ikifika saa saba mchana uso wako unakuwaje? Mmoja atasema pua inang'aa kama hakupaka poda. Mwingine atasema mashavu yanavuta. Mwingine atalalamika kwamba fandesheni "inakimbia". Jibu hilo ndilo linaloniambia ni chupa ya aina gani, na namba tunaitafuta baada ya hapo. Namba sahihi ndani ya fandesheni isiyo ya ngozi yako haifiki jioni, na wewe utarudi dukani kubadilisha rangi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Naishi Dar es Salaam, ila msimu ukipamba moto nabeba sanduku langu hadi Tanga, Moshi, Mbeya na Njombe. Ngozi ya mtu mmoja hubadilika tabia akitoka joto la pwani akapanda kwenye baridi ya nyanda za juu, kwa hiyo kila ninachosema hapa kipime na mahali unapoishi.

Kwanza ijue ngozi yako. Chagua siku ambayo huna pa kwenda. Nawa uso kwa sabuni laini ya uso, jikaushe kwa kugusagusa taulo, halafu usipake kitu. Kaa hivyo saa nzima, mbali na jiko na mbali na feni. Kisha chana tishu vipande vidogo, bandika kimoja kwenye paji la uso, kingine puani, kwenye kila shavu na kidevuni, bonyeza kidogo, ubandue na uvitazame kwenye mwanga wa dirisha. Vyote vikiwa na madoa ya mafuta, ngozi yako ni ya mafuta. Madoa yakiwa kwenye paji, pua na kidevu tu, ngozi yako ni mchanganyiko, na wengi ninaowapaka wako kundi hili. Vyote vikiwa vikavu na uso unabana ukicheka, una ngozi kavu. Vikiwa vikavu lakini uso umetulia, ngozi yako ni ya kawaida, mshukuru Mungu na usiichokoze. Ngozi nyeti haionekani kwenye tishu. Hiyo unaijua kwa historia yake: vitu vinavyokuwasha, vipele vinavyotoka ukibadilisha sabuni.

Hapo kuna mtego. Wapo wenye ngozi ya mafuta ambayo ndani yake ina kiu ya maji. Uso unang'aa, lakini ukiubana shavu kidogo unaona vimistari vyembamba, na pembeni ya pua ngozi inabanduka. Mara nyingi chanzo ni kunawa mara nyingi mno kwa sabuni kali ili kuyafukuza mafuta. Mafuta na maji ya ngozi ni vitu viwili tofauti. Mtu huyu akipaka fandesheni ya kukausha juu ya ngozi iliyonawishwa hivyo, itaganda kwenye vile vimistari kabla hata hajafika kituoni. Dawa yake ni krimu nyepesi ya jeli kwanza, aiache inywewe na ngozi dakika chache, ndipo afuatishe fandesheni.

Sasa nisimame kwa wenye ngozi ya mafuta, kwa sababu ndio wanaoteseka zaidi huku pwani. Kuanzia Desemba hadi Machi Dar kuna joto na unyevu kiasi kwamba jasho halikauki, linabaki juu ya ngozi. Fandesheni ikikutana na jasho na mafuta huteleza na kukusanyika kwenye mikunjo ya pua. Tafuta chupa iliyoandikwa "oil-free", yaani isiyo na mafuta, na "matte", yaani isiyong'aa, iwe ya majimaji, tena nyepesi. Achana na zile za fimbo na za krimu nzito za kwenye kikopo. Hizo ni nzuri kwa picha za studio, si kwa mtu atakayepanda bajaji kutoka Mwenge hadi Posta.

Soma chupa vizuri, kwa kuwa jina moja linaweza kubeba vitu viwili. Maybelline Fit Me, ambayo hapa mjini karibu kila mtu anaijua, ipo ya "Matte + Poreless" kwa ngozi ya mafuta na ipo ya "Dewy + Smooth" kwa ngozi kavu. Revlon ColorStay nayo ina chupa ya ngozi ya mafuta na mchanganyiko, na ina chupa nyingine ya ngozi kavu na ya kawaida. Wateja wangu hukariri namba tu, wakifika dukani wanapewa iliyopo, halafu wananiambia "hii Fit Me siku hizi wameiharibu". Haijaharibiwa. Umebeba ya ndugu yake.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na chupa yenyewe. Ngozi ya mafuta inataka tabaka mbili nyembamba, kamwe isiwe moja nene. Paka ya kwanza kwa sponji lenye unyevu ukigongagonga, subiri itulie, kisha ongeza pale tu penye doa. Malizia na poda kidogo kwenye paji, pua na kidevu. Mchana uso ukianza kung'aa usiongeze poda juu ya mafuta. Bandika tishu kwanza ifyonze, ndipo upake poda kama bado unaihitaji. Na nawasihi kila siku: mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na miguu, lakini yaondoe chini ya fandesheni. Yanaziba vinyweleo, chunusi zinafuata, na fandesheni haipati pa kushika.

Kuna jambo moja wengi hawaambiwi. Fandesheni nyingine msingi wake ni maji, nyingine ni silikoni. Tazama orodha ya viambato nyuma ya boksi: ukiona juu kabisa, baada ya maji, majina kama dimethicone au cyclopentasiloxane, hiyo ina silikoni nyingi. Praima, ile inayopakwa kabla ya fandesheni ili ishike, nazo ziko hivyohivyo. Ukipaka praima ya maji na fandesheni nzito ya silikoni, au kinyume chake, zinaweza kukataana, na fandesheni itajiviringa kuwa vinyuzi kama ufutio wa penseli. Huna haja ya kuwa mkemia. Paka praima nyuma ya mkono, subiri, weka fandesheni juu yake, sugua polepole kwa kidole. Zikitulia pamoja, zinunue pamoja.

Ngozi kavu ina maelezo mafupi zaidi. Inataka fandesheni ya majimaji au ya krimu yenye neno "hydrating" au "dewy", yaani ya kuipa ngozi unyevu, na maandalizi ya kutosha kabla yake. Niliwahi kumpaka bi harusi Njombe mwezi wa saba, baridi ile ambayo chai inapoa ukiigeuzia kisogo. Alikuwa ametoka Dar na fandesheni yake anayoipenda, ya kukausha, na Dar ilikuwa inamkaa vizuri kabisa. Kule juu, kabla hatujafika kanisani, ingekuwa imeshapasuka kwenye mashavu. Nilimpaka krimu nzito ya uso mara alipotoka kuoga, nikatumia fandesheni yenye unyevu, na poda nikaigusisha puani tu. Ukiishi Mbeya, Njombe au Limuru, au unashinda ofisini chini ya kiyoyozi kama wanavyoshinda ndugu zetu walioko Muscat, weka chupa mbili kwa mwaka: moja ya msimu mkavu, nyingine ya joto. Poda ya kupaka uso mzima iache. Ngozi kavu ikipakwa poda nyingi inaonyesha umri ambao mwenyewe hajaufikia.

Mwenye mchanganyiko asihangaike kutafuta chupa ya miujiza. Achukue fandesheni ya kati, isiyokausha sana wala kung'aa sana, kisha auhudumie uso wake kwa maeneo: krimu zaidi mashavuni, praima ya kuzuia mng'ao kwenye paji na pua, poda katikati tu.

Ngozi nyeti na yenye chunusi inataka utaratibu. Tafuta isiyo na manukato, na iwe imeandikwa "non-comedogenic", yaani imetengenezwa isizibe vinyweleo. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio au chini ya taya, uiache siku nzima, usiku uitazame. Kama una chunusi zenye usaha, mpambaji asikuguse kwa brashi aliyompaka mtu mwingine. Una haki ya kumuuliza kama ameziosha, na mpambaji mzuri hatachukia.

Hapa lazima niseme habari ya mkorogo, kwa upole lakini bila kuzunguka. Huwa naiona ngozi iliyotumia mkorogo kabla mtu hajaniambia: imekuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana mashavuni, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na kwa walioutumia miaka mingi kuna madoa meusi ya kibuluu karibu na macho. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, baada ya kutolewa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Hata hivyo vikopo bado vinauzwa kwa kificho. Ukija kwangu na ngozi hiyo nitakupaka na utapendeza, lakini fandesheni yoyote inaweza kukuwasha, na rangi ya uso haitalingana na shingo kwa sababu ngozi yenyewe inabadilika kila wiki. Kama krimu unayotumia ina steroidi, usiikatishe ghafla peke yako, maana ngozi inaweza kulipuka. Nenda kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya Muhimbili wapo, na hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi tangu 1992. Hapohapo KCMC hutengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Wateja wangu wenye ualbino huanza na kinga ya jua, waiache itulie, fandesheni ikaja juu.

Na kinga ya jua si ya wenye ualbino peke yao. Fandesheni iliyoandikwa SPF 15 au 20, yaani kipimo cha kinga ya jua, haikutoshi. Vipimo vya maabara hufanywa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na hakuna anayepaka fandesheni nene kiasi hicho. Paka sanskrini yako kwanza. Siku ya harusi ndipo napunguza: bidhaa zenye zinki na taitani nyingi hurudisha mwanga wa flashi, na bi harusi anatoka kwenye picha na uso mweupe kama aliyemwagiwa unga. Kabla hujatoka kwenda kwenye sherehe ya usiku, zima taa, mwambie mtu akupige picha ya simu kwa flashi. Utajua papo hapo.

Haya, sasa namba.

Ngozi zetu hazina rangi moja uso mzima. Paji huwa jeusi zaidi, katikati ya mashavu kuna mwanga, kuzunguka mdomo kuna giza. Kwa hiyo ukipima kwenye shavu utanunua nyepesi mno, ukipima kwenye paji utanunua nzito mno, na ukipima nyuma ya mkono hujapima kitu. Pima kwenye taya, ukishusha mstari kidogo hadi shingoni, kisha tazama na kifua. Rangi inayopotea kati ya taya na shingo ndiyo yako. Anayevaa hijabu apime pembeni ya uso, pale ushungi unapoanzia, na achague ile isiyohamia kwenye kitambaa: paka, subiri ikauke, bandika tishu nyeupe, tazama imeacha nini.

Zaidi ya weusi na weupe kuna rangi ya chini ya ngozi, nayo ndiyo inayotusumbua. Wawili wote ni maji ya kunde, wamelingana kabisa, lakini mmoja ana unjano chini na mwingine ana wekundu. Ukiwapa chupa moja, mmoja atapendeza na mwingine ataonekana kama amepakwa majivu. Wapo pia wenye weusi mzito wenye ubuluu kwa mbali, ngozi nzuri kuliko zote kwa picha, na hao fandesheni za rangi ya chungwa huwaharibu. Ushauri wa kutazama mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au ya buluu umetoka kwa wenye ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi mishipa haionekani vya kutosha kukuambia kitu. Ngazi sita za Fitzpatrick nazo, mpangilio wa madaktari wa aina za ngozi, zinaeleza ngozi inavyopokea jua. Hazikusaidii kuchagua chupa. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: chukua fandesheni mbili zenye uzito sawa, moja ya unjano na moja ya wekundu, zichore sambamba kwenye taya, toka nje. Moja itajificha. Nyingine itabaki inaonekana.

Herufi za chupani zisikutishe. MAC, kwa mfano, NC ni za ngozi zenye unjano na NW ni za wenye wekundu. NC45 na NW45 si ndugu, msichukue moja mkitegemea itafanana na nyingine. Namba za chapa moja hazina maana kwenye chapa nyingine.

Kuwa na chaguo hizi zote si jambo la zamani. Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi alipogunduliwa na mpiga picha mwaka 1975, alifika Marekani akakuta wapambaji hawana rangi yake, akawa anachanganya mwenyewe. Mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi. Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka Septemba 2017 na rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine ziliona aibu zikaongeza zao. Nawaambia wasichana hili kwa sababu bado nawaona wakiingia dukani na kuchukua namba ya kati, eti za mwisho ni "nyeusi sana". Zimetengenezwa kwa ajili yako, mdogo wangu. Chukua ya mwisho kama ndiyo yako.

Kuna ombi ninalolipata kila msimu, mara nyingi kwa mama au shangazi wa bi harusi: "Mwanangu, mng'arishe kidogo, mwongezee namba moja." Namwamkia, namsikiliza, na sifanyi. Uso mweupe juu ya shingo nyeusi utabaki kwenye albamu miaka yote. Mng'ao unapatikana kwa konsila, ile krimu ya kufichia madoa, iwe nyepesi, chini ya macho na katikati ya paji, fandesheni ikibaki rangi ya mwenyewe. Shangazi akimwona bi harusi ukumbini, anaridhika.

Ukifika dukani, nenda mchana, uso ukiwa umenawa, bila mekapu. Usipake testa, ile chupa ya kujaribia, moja kwa moja usoni, chukua kidogo kwa pamba ya kijiti. Chora mistari mitatu kwenye taya: namba unayoidhania, moja juu yake, moja chini. Halafu toka nje, kwenye kivuli chenye mwanga, ukiwa na kioo chako kidogo. Taa za dukani zinadanganya, za njano zinapasha joto kila rangi, nyeupe zinafifisha. Usiamue hapohapo. Zunguka, kunywa soda, rudi baada ya nusu saa. Fandesheni nyingi zikichanganyika na mafuta ya ngozi hukoza au hugeuka chungwa, na mwenye ngozi ya mafuta huliona hili zaidi. Rangi ya baada ya nusu saa ndiyo utakayoishi nayo. Muuzaji akikuharakisha, mwache na chupa yake.

Ukikosa yako katikati ya namba mbili, nunua zote mbili na uchanganye. Ngozi inakoza msimu wa jua na kufifia msimu wa mvua, kwa hiyo chupa hizo hazitapotea bure. Mwenye bajeti ya moja achukue ile nzito kidogo. Kuipandisha kwa konsila ni rahisi, lakini fandesheni nyepesi mno haina dawa.

Feki zipo, na nyingi zimefungwa vizuri. Linganisha namba ya toleo kwenye boksi na ile iliyo chini ya chupa, zinapaswa kufanana. Soma maandishi, feki mara nyingi zina herufi zilizokosewa au wino unaofutika kwa kidole. Nusa: harufu ya rangi ya mlango au manukato makali yanayoficha kitu, rudisha. Na chupa inayouzwa kwa robo ya bei ya maduka mengine yote, jiulize imepita wapi. Bora fandesheni ya bei nafuu ya kampuni halisi, hata isiyo na jina kubwa, kuliko jina kubwa la kuigiza.

Nyumbani, iweke kabatini, mbali na dirisha, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, maana mafuta na rangi vitaachana. Nyuma ya chupa kuna mchoro wa kikopo kilichofunguliwa na namba kama 12M, maana yake miezi 12 tangu uifungue. Siku ya kufungua, andika tarehe chini ya chupa kwa kalamu isiyofutika. Ikianza kunuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa, au ukiitikisa haichanganyiki tena, itupe hata kama miezi haijaisha. Sponji lioshe kila baada ya kulitumia, likamue, likauke mahali penye hewa. Sponji lililofungiwa bichi ndani ya pochi kwa joto la Dar huota ukungu ndani bila kuonekana nje, na hizo chunusi unazoilaumu fandesheni huenda zimetoka humo.